Unga mbadala wa mayai kwa mtoto mwenye mzio: upi ununue, upi uuache dukani

Malalamiko ya kina mama wenzangu yanafanana mno. Keki ya mtoto imepanda vizuri ndani ya oveni, imetolewa, na kabla haijapoa imebonyea katikati. Ukiionja, inaacha ladha ya sabuni ulimini. Lawama hubebeshwa oveni, au unga wa ngano, au mpishi mwenyewe. Mimi namshika mwingine: ule unga mbadala wa mayai. Mara nyingi una kitu cha kuumulia ndani yake, na pakiti haikutangazii hivyo mahali unapoweza kuona.

Habari za kutokuwa na gluteni au kutokana na mimea sizigusi, zimeandikwa kwa herufi kubwa kila upande. La usalama nitataja moja. Kuna mbadala wa maji maji unaotengenezewa watu wanaokwepa kolesteroli, na huo ni ute wa yai ulioondolewa kiini. Mtoto wako asiuguse. Protini kuu zinazoleta mzio wa mayai ziko kwenye ute, na mojawapo, ovomukoidi, inastahimili moto vizuri. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "ukishaoka hakuna shida", mwache aongee peke yake. Kama mtoto wako anaweza kula yai lililookwa, hilo ni la daktari kuamua.

Sasa turudi kwenye kuumua. Yai likipata joto, kuanzia kama nyuzi 62 hadi 70, protini zake zinashikana na kuzuia viputo vya hewa visitoroke. Wanga wa viazi na wa muhogo, ambao ndio mwili wa mbadala nyingi, unashika pia, ila si kwa nguvu hiyo. Sasa wewe umeweka bekingi pauda kama mapishi yalivyosema, na unga mbadala nao umekuja na yake. Gesi inazidi, kuta za keki zinashindwa kuibeba, katikati panaanguka. Na bekingi soda iliyokosa tindikali ya kupambana nayo ndiyo ile ladha ya sabuni.

Ukitaka kujua ulichonacho kabatini, chota kijiko kimoja cha chai cha unga huo, weka kwenye kibakuli, dondoshea siki. Unga ukitoa povu, una cha kuumulia ndani yake. Chota kingine utie maji ya moto matupu. Ukiona viputo hapo pia, tindikali imo humo humo, na kazi inaanza mara unga unapolowa. Unga wa namna hiyo haukorogwi halafu ukaachwa mezani huku unatafuta trei na kupaka mafuta. Utakapofika kwenye oveni, nguvu yake itakuwa imeishia hewani.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni Bob's Red Mill Egg Replacer, na sifichi mapenzi yangu. Viambato ni vinne: wanga wa viazi, unga wa muhogo, bekingi soda, na nyuzi za maganda ya isabgoli (mbegu ndogo ziitwazo psyllium kwa Kiingereza). Hiyo isabgoli ndiyo inayoninunua. Inavuta maji na kufanya ute unaoteleza kati ya vidole, karibu kabisa na ute wa yai wenyewe, na keki haimeguki ovyo mtoto akiishika. Kijiko kimoja kikubwa na viwili vya maji ni yai moja. Soda yake haina tindikali ya kwake, kwa hiyo kama mapishi hayana maziwa ya mgando wala ndimu, mimi huongeza kijiko cha chai cha siki, na bekingi pauda naipunguza kidogo.

Namba mbili, Orgran No Egg kutoka Australia. Ina kalsiamu kaboneti pamoja na asidi ya sitriki, kwa hiyo ni wa kukoroga mwisho kabisa, oveni ikiwa tayari imepata moto. Kwa biskuti ni mzuri sana. Ener-G naiweka ya tatu: nyepesi, inaumua, lakini keki zake kwangu hukauka kesho yake.

Ukitaka povu jeupe la kupamba, unga wowote kati ya hizi sikushauri. Tumia maji yaliyochemshiwa dengu (chickpeas), ugunduzi wa Mfaransa Joël Roessel mwaka 2014. Vijiko vitatu vikubwa kwa yai. Ila kama mtoto ana mzio wa jamii ya kunde, ruka hapo.

Mbegu za kitani zilizosagwa na ndizi mbivu ni rahisi na zinafaa, kwa keki nzito nzito. Basi. Na mapishi yenye mayai zaidi ya matatu yaache, hakuna unga utakaoyaokoa.

Kinachonichefua zaidi ni bei. Ni wanga na soda, lakini ukishaandikwa "mzio" tu, unahamishiwa rafu ya vyakula vya afya na bei inapanda ngazi. Halafu kuna wanaofungua gunia na kupima kwenye vifuko vyeupe visivyo na lebo, kwa upawa uleule uliotoka kwenye maziwa ya unga au, Mungu apishe mbali, mayai ya unga. Marekani na Ulaya sheria zinalazimisha yai litajwe kwenye orodha ya viambato. Kwenye kifuko kisicho na orodha utasoma nini? Ukiuliza, unajibiwa "haina mayai, dada", bila hata kugeuka kuangalia gunia.

Nao hupenda kukuuzia pakiti kubwa kwa kuwa "inaokoa hela". Ikishafunguliwa inavuta unyevu na nguvu ya kuumua inapungua wiki hadi wiki. Kama huoki mara kwa mara, chukua ndogo, andika tarehe ya kuifungua kwa kalamu juu ya kifuniko, na irudie ile siki kabla ya keki ya sikukuu ya mtoto.