Kipimo cha damu inayozunguka bure kwenye pafu bandia

Mgonjwa anapowekwa kwenye pafu bandia la vena kwa vena (vena ni mishipa inayorudisha damu moyoni), damu yake huvutwa kutoka mshipa mkubwa, hutiwa oksijeni nje ya mwili, kisha hurudishwa karibu na moyo. Sehemu ya damu hiyo haifiki popote, kwani mrija wa kuvuta huinyonya tena papo hapo. Kifaa ninachokitathmini hapa hutumia mawimbi ya ultrasaundi kupima ni asilimia ngapi inayozunguka bure namna hiyo.

Vihisi viwili hubanwa juu ya mirija, kimoja upande wa kuvuta na kingine upande wa kurudisha, bila kugusa damu. Maji ya chumvi yanapodungwa kwa haraka baada ya pampu, mawimbi hupungua mwendo, na skrini huchora bonde kubwa upande wa kurudisha. Damu ikiwa inarudi bure, bonde dogo hufuata upande wa kuvuta. Uwiano wa mabonde hayo mawili ndio jibu.

Hesabu ya zamani ya kupima marudio, yaani damu hiyo inayozunguka bure, kwa oksijeni hudai kiwango halisi cha oksijeni katika damu ya vena, ambacho ni vigumu mno kukipata pafu bandia likiwa kazini. Damu ikiwa na oksijeni ya 85% kabla ya pafu na 100% baada yake, ukikisia vena kuwa 70% unapata marudio ya 50%. Ukikisia 75%, unapata 40%. Siwezi kuamua tiba ya mgonjwa mahututi kwa makisio ya aina hiyo.

Faida kubwa zaidi huonekana oksijeni ya mgonjwa inaposhuka na mkono wa kila mtu unakimbilia kuongeza kasi ya pampu. Pampu ya lita 4 kwa dakika yenye marudio ya 20% humpa mgonjwa lita 3.2, ikipandishwa hadi lita 5 na marudio yakafika 40%, anabaki na lita 3 tu, ingawa namba ya pampu inapendeza.

Kasoro zipo. Anayedunga polepole huharibu bonde, kwa hiyo mimi hurudia kipimo kabla ya kukiamini. Kifaa hakisemi pia kama tatizo ni ncha za mirija kukaribiana au moyo kusukuma kwa unyonge; hilo hutafutwa kwa picha ya ultrasaundi ya moyo, na mrija ukishasogezwa, kipimo kirudiwe pale pale kitandani.