Stellarium: programu ya kutambua taa ngeni angani

Msururu wa taa unapopita kimya juu ya mji usiku, picha zake husambaa kwenye simu kabla ya maelezo yake, na kufikia asubuhi kila mtu ana lake la kusema. Kwa anayetaka jibu badala ya uvumi, ninaipendekeza Stellarium, programu ya kompyuta inayoonyesha anga ya usiku kwenye kioo, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau, ambayo hupakuliwa bila malipo.

Programu nyingi za aina hii husifiwa kwa sababu unaelekeza simu juu na kusoma jina. Mimi sioni kwamba jambo hilo lina uzito mkubwa, kwani dira ya simu huyumbishwa na chuma kilicho karibu, na jina likaangukia nyota ya jirani. Ubora wa Stellarium uko kwenye saa yake. Unabonyeza F6 na kuweka mahali ulipokuwa, unabonyeza F5 na kuweka tarehe na saa, na anga ya usiku ule inajipanga upya mbele yako hata kama taa yenyewe ilishatoweka. Kisha kwa herufi L unaharakisha muda, na kwa J, ukiibonyeza mara kadhaa, unaurudisha nyuma.

Chukua ile taa nyeupe iliyotulia magharibi baada ya jua kuzama. Ukisogeza muda mbele, utaiona sayari ya Zuhura ikishuka kulifuata jua, kwa kuwa haijitengi nalo kwa zaidi ya nyuzi 48 hivi, na kwa hiyo taa ya utosini usiku wa manane haiwezi kuwa hiyo. Taa inayomemeta nyekundu, kijani na buluu karibu na upeo wa macho, ambayo wengi huidhania droni, mara nyingi ni nyota Sirius, ambayo mwanga wake unapita katika hewa nyingi zaidi ikiwa chini. Ikipanda juu, rangi hizo hutulia.

Kwa vitu vinavyotembea, programu inahitaji uangalifu. Kituo cha Anga cha Kimataifa, kilicho kilomita 400 hivi juu yetu, hukatiza anga kwa dakika chache bila kuwaka na kuzima, na huweza kufifia ghafla kikiingia katika kivuli cha dunia. Setilaiti za Starlink, yaani za intaneti za kampuni ya SpaceX, zilizoanza kurushwa kwa makundi makubwa mwaka 2019, hufuatana kwa mstari siku za mwanzo, na hiyo ndiyo misururu inayozua taharuki. Taarifa za mizunguko yao lazima zisasishwe kwa intaneti, la sivyo kundi lililorushwa juzi halitaonekana kabisa kwenye kioo.

Ndege za abiria usizitafute humo. Hizo utazijua kwa taa nyekundu ya bawa la kushoto, ya kijani ya bawa la kulia, na nyeupe zinazomweka.

Ningependa kila mwalimu wa jiografia mwenye kompyuta awe nayo, na awaambie wanafunzi kwamba wakiona taa wasiyoijua waandike saa, upande, na kimo chake kutoka upeo wa macho, wakihesabu ngumi moja ya mkono ulionyooshwa kuwa takriban nyuzi 10, kwa sababu bila mambo hayo matatu programu haina pa kuanzia.