Ngome ya mwisho ya Super Mario Bros.: nimeimaliza baada ya miaka mingi

Nilifika 8-4, yaani hatua ya nne ya dunia ya nane, mara ya kwanza nikiwa darasa la nne, Tanga, sebuleni kwa jirani aliyekuwa na ile mashine ya kuchomeka kaseti. Kaseti ilijinadi kuwa na mamia ya magemu, ukiyafungua ni yaleyale yanajirudia, na sisi watoto wa mtaa hatukujali maana tulilitaka moja tu: Mario. Siku hiyo chumba kizima kilinyamaza. Niliingia ngomeni, nikakimbia, nikaruka, nikakimbia tena, hadi mmoja wetu akasema, "Mbona hapa tumeshapita?" Tulikuwa tunazunguka palepale. Muda ukaisha, Mario akafa. Kabla sijajaribu tena umeme ukakatika, na mashine ile haikuwa na pa kuhifadhi ulipofikia. Sikurudi tena mle ndani hadi mwaka huu.

Kilichonirudisha ni Switch, mashine ya magemu ya Nintendo, aliyoileta binamu yangu anayefanya kazi Muscat. Ukilipia huduma ya mtandaoni ya Nintendo unapata magemu ya zamani, na hili limo. Nimelicheza wiki tatu, kila jioni baada ya isha, na mpwa wangu wa miaka tisa akiwa pembeni. Nataka kuizungumzia hasa ngome ya mwisho, kwa sababu sasa naamini ndiyo sehemu bora kabisa ya gemu zima, na utotoni niliichukia bila kuielewa.

Gemu lilitoka Japani Septemba 1985, kazi ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, na muziki wa Koji Kondo. Lina dunia 8, kila dunia hatua 4, na kila hatua ya nne ni ngome. Ngome 7 za mwanzo mwisho wake ni mmoja: unavuka daraja, unagusa shoka, daraja linakatika, joka Bowser anatumbukia kwenye moto, halafu kijana mwenye kichwa cha uyoga anakushukuru na kukwambia binti mfalme unayekwenda kumwokoa yuko ngome nyingine. Kiingereza hicho tulikuwa tunatafsiriwa na kaka mmoja wa sekondari, naye alikuwa anakisoma kwa huzuni ya kweli, kama anayeleta taarifa ya msiba. Mara saba unaambiwa hivyo. Kwa hiyo unapoingia ya nane unajua hakuna nyingine ya kupelekwa.

Sasa angalia ngome yenyewe ilivyojengwa. Tangu hatua ya kwanza kabisa umefundishwa jambo moja: nenda kulia. Kioo hakirudi kushoto hata kidogo, ulichokipita kimepita. Na mabomba umeyazoea kama zawadi, unazama ndani unakuta sarafu. 8-4 inayachukua mazoea hayo mawili na kuyageuza. Ukienda kulia tu, ukumbi unajirudia, na utakimbia hivyo hadi muda ukuishie. Ukizama bomba lisilo lako unarudishwa mwanzo. Na kwa kuwa kioo hakirudi nyuma, bomba ulilolipita ukalitilia shaka huwezi kugeuka ukalijaribu. Inabidi uzunguke mpaka likukute tena. Ngome ya 4-4 na ya 7-4 zilikuwa zimekuonjesha kuzunguka huku, ila pale suala lilikuwa kupita juu au chini. Hapa kila bomba ni swali, na mengi yana ua linalouma linalochomoza mdomoni.

Mpwa wangu ndiye aliyetuokoa. Usiku wa pili aliniambia, "Mjomba, simamisha." Akaleta daftari la hesabu na penseli, akaanza kuchora mabomba kwa mpangilio, la makosa analikata msalaba. Mimi miaka yote nilidhani shida yangu ilikuwa vidole. Haikuwa vidole. Ngome hii inapima kumbukumbu, na sisi watoto wa Tanga tungeweza kuimaliza kama mmoja wetu angeshika kalamu badala ya kugombania padi.

Muda nao unabana. Unapewa 400, lakini hizo si sekunde. Kila namba inakatika kwa kama sekunde 0.4, kwa hiyo huna hata dakika tatu kamili. Ikishuka chini ya 100 muziki unaongeza kasi, na moyo nao. Dunia ya nane yote haina kituo cha katikati: ukifa unaanza hatua upya, hata kama ulikuwa unalisikia daraja.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi walivyoweza kuifanya iwe kama mkusanyiko wa safari yote. Gemu zima lilikuwa na kilobaiti 40 tu, picha moja ya simu yako ni nzito kuliko hilo, kwa hiyo hawakuwa na nafasi ya kuchora maadui wapya kwa ajili ya mwisho. Wakawaita wa zamani. Unakutana na kobe weusi wasioungua, kobe wa kijani wenye mabawa, samaki wanaoruka kutoka chini. Halafu, ukidhani umezoea, bomba moja linakutumbukiza majini: ngisi wanakufuata na fimbo za moto zinazunguka humohumo ndani ya maji. Hakuna pengine popote katika gemu ambapo moto huo umewekwa chini ya maji. Mpwa wangu alipiga kelele. Ukitoka huko unamkuta mrusha nyundo amesimama njiani, na nyuma yake ndiye Bowser.

Na huyu ndiye Bowser mwenyewe. Wale saba wa nyuma walikuwa bandia: ukiwapiga kwa mipira ya moto wanageuka sura zao halisi, wa kwanza kabisa ni yule adui uyoga wa kawaida tu. Huyu wa mwisho anatema moto na kurusha nyundo kwa pamoja. Mipira mitano inamwangusha, lakini ufike naye ukiwa bado na uwezo huo, jambo ambalo mimi sikuliweza. Nilipita chini yake na Mario mdogo, aliporuka.

Kasoro ipo, na ni kubwa. Bomba moja sahihi limewekwa juu, na ili ulifikie unahitaji tofali lisiloonekana kabisa. Hakuna alama wala dokezo, unalipata kwa kuruka ovyo hadi kichwa kigonge. Mengine yote ya ngome hii ni magumu ya haki, hili si la haki. Tulipoteza jioni mbili hapo, na mtoto asiye na mvumilivu pembeni yake angeacha.

Kwenye Switch unaweza kushika ZL na ZR muda ukarudi nyuma. Ushauri wangu: tumieni popote mtakapo, ila 8-4 msiiguse. Ukirudisha nyuma kila bomba la makosa, ngome inakuwa ukumbi tu. Na maisha yakiisha, kwenye kioo cha mwanzo shika A kisha bonyeza Start, unaanza tena kwenye hatua ya kwanza ya dunia uliyofia. Hilo lilikuwepo tangu 1985, na pale kwa jirani hakuna aliyelijua. Mwenye haraka apite njia za mkato za 1-2 na 4-2, atafika dunia ya nane bila kupitia nyingi za katikati.

Tulimaliza Alhamisi. Binti mfalme alitushukuru, akatuambia safari imekwisha, na hapohapo akatupa safari mpya: gemu lilelile, lakini wale maadui uyoga wote sasa ni kobe weusi. Mpwa wangu amefungua ukurasa mpya wa daftari. Tuko 3-1.