Huduma ya Rubani Barrington Irving kwa Vijana: Karakana Inaishinda Skrini

Kati ya mambo yote ambayo rubani Barrington Irving ameyaanzisha kwa ajili ya vijana tangu alipounda taasisi ya Experience Aviation mwaka 2005, ninaloliwekea alama za juu kabisa ni la zamani na halitajwi sana siku hizi: mradi wa Build and Soar wa mwaka 2008, ambapo wanafunzi 60 kutoka shule za Miami zilizokuwa zikifanya vibaya waliunda ndege halisi kwa muda wa wiki kumi, kisha yeye mwenyewe akaingia ndani na kuirusha. Ninaipima kazi yake kwa jicho la mtu aliyefundisha hisabati sekondari kwa miaka mingi, na kwa hiyo, pamoja na kuvutiwa na masimulizi ya ushujaa kama mtu mwingine yeyote, swali langu kubwa ni hili: mtoto ambaye shule imekwisha kumshinda, hapa anaondoka na nini?

Irving alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1983, akakulia Miami. Alipokuwa na umri wa miaka 15, akisaidia kazi katika duka la vitabu la wazazi wake, aliingia mteja Mjamaika mwenzake, Kapteni Gary Robinson, rubani wa ndege za abiria, akamwuliza kama amewahi kufikiria kuwa rubani. Kijana akajibu kwamba hakujiona ana akili za kutosha. Robinson hakumhutubia, bali alimpeleka uwanjani na kumkalisha katika chumba cha marubani cha ndege aliyokuwa akiirusha, na jambo hilo lilitosha, kwani baadaye Irving alikataa ufadhili wa masomo aliopewa kwa ajili ya kucheza kandanda ya Kimarekani, akawa anaosha ndege ili apate fedha za kujifunza, na nyumbani akijizoeza kwa mchezo wa kompyuta wa kuigiza urushaji wa ndege. Ninakirudia kisa hiki kwa sababu ndicho kipimo cha haki cha kila alichokiunda baadaye, yaani mtoto huanza kwa kukaa ndani ya chombo, na maneno hufuata.

Safari iliyompa jina ilianza Machi 23, 2007 na kumalizika Juni 27 ya mwaka huohuo. Ndege yake ya injini moja, Columbia 400 aliyoiita Inspiration, iliundwa kutokana na vipuri alivyoviomba kwa watengenezaji mmoja mmoja baada ya wafadhili wengi kumkatalia fedha. Haikuwa na rada ya hali ya hewa wala kifaa cha kuzuia barafu, na mfukoni alikuwa na dola 30. Alipotua katika kisiwa cha Shemya, Alaska, akitokea upande wa Japani, alikuwa amebakiwa na mafuta ya dakika 12 tu. Siku 97 zikamfanya mtu mweusi wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa ndege, na wakati huo mwenye umri mdogo kuliko wote waliowahi kufanya hivyo, akiwa na miaka 23. Rekodi ya umri imekwisha kuvunjwa zaidi ya mara moja, na mwaka 2022 Mack Rutherford aliimaliza safari kama hiyo akiwa na miaka 17. Kama tangazo la huduma, safari hii haina mpinzani. Kama somo kwa kijana anayeyumba, nina mashaka nayo, maana dakika 12 za mafuta ni jambo la kumshukuru Mungu, wala si jambo la kumfundisha mtoto.

Karakana ya Build and Soar ni habari nyingine. Ndege waliyoiunda wanafunzi, ya aina ya Zenith STOL CH 701, ni ya viti viwili na sehemu kubwa ya umbo lake ni ya bati za alumini zilizoshikanishwa kwa ribiti, yaani pini fupi za kufungia bati. Aliyewahi kushika bati kama hizo anajua kazi ilivyo: unapima, unatoboa, unazishikiza bati mbili kwa vibano vya muda ili matundu yakae sawasawa, kisha unazitenganisha tena ili usugue kingo za kila tundu, kwa kuwa chembe ndogo ya alumini iliyoachwa pale inaweza kuwa mwanzo wa ufa. Ndipo unarudisha, na ndipo unapiga ribiti. Mwanafunzi ambaye darasani haoni tofauti kati ya milimita tatu na tatu na nusu, hapa ataiona, kwa sababu ribiti itacheza ndani ya tundu na kazi itarudiwa. Hakuna kalamu nyekundu wala mwalimu wa kumnung'unikia. Bati lenyewe limemsahihisha.

Sheria za Marekani nazo zinaendana na shughuli hii kuliko nilivyotarajia, kwani daraja la ndege za kujiundia linataka sehemu kubwa ya kazi ifanywe na waundaji wenyewe kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, na ndege hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kupaa. Lakini kinachoutofautisha mradi huu na miradi chungu nzima ya kuwasaidia vijana walio katika mazingira hatarishi ni nani aliyekaa kwenye usukani siku ya kwanza. Tumezoea kuwaambia watoto wa namna hii kwamba tunawaamini, tukiwa tumesimama mbali kidogo. Irving alifunga mkanda ndani ya kazi ya mikono yao.

Flying Classroom, huduma aliyoizindua mwaka 2014 akitumia ndege ya jeti, ni kubwa zaidi na kwangu ni dhaifu zaidi. Rubani husafiri hadi mahali halisi, na wanafunzi wa ngazi zote, kuanzia chekechea hadi mwisho wa sekondari, humfuata kwa video, masomo na majaribio ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wazo ni zuri na linafika mbali, tena linawafikia watoto wengi kuliko karakana yoyote. Hata hivyo limepangwa kwa mitaala ya Marekani, na linategemea shule kulinunua, ilhali shule zenye watoto aliowakusudia tangu mwanzo ndizo mara nyingi zenye mfuko mwembamba. Mtoto anarudishwa kwenye kiti cha mtazamaji, kiti ambacho Robinson alimtoa Irving.

Kwa shule yenye maabara, mwalimu mwenye ari na intaneti ya uhakika, ningeipendekeza Flying Classroom bila kusita. Nikikabidhiwa bajeti ndogo na darasa la watoro, ningeziacha video, nikanunue bati chache za alumini, ribiti, koleo lake na tupa.