Uzoefu wangu: sherehe ya Nicodemus, Kansas, Marekani

Niliendesha gari zaidi ya saa tatu kutoka Wichita, mwishoni mwa Julai, ili niione sherehe ambayo huwarudisha nyumbani wajukuu na vitukuu vya waanzilishi wa Nicodemus kila mwaka. Mji huu ulianzishwa mwaka 1877 na Wamarekani Weusi waliokuwa wametoka utumwani, wengi wao kutoka Kentucky. Wakazi wa kudumu leo ni wachache mno, na majengo ya kihistoria yaliyosalia ni matano tu.

Kuingia ni bure. Kituo cha wageni kimo katika ukumbi wa mji uliojengwa mwaka 1939, na mhifadhi aliyetupokea alieleza kwa utulivu, bila kutuharakisha. Walowezi walishuka treni mji wa Ellis, wakaivuka mbuga kwa siku kadhaa, na walipouliza mji uko wapi wakaonyeshwa moshi unaofuka kutoka ardhini, kwa kuwa waliotangulia walikuwa wakiishi katika mashimo waliyoyachimba wenyewe. Willina Hickman, aliyefika mwaka 1878, alisimulia kwamba alilia alipouona moshi ule. Nilitoka nje nikatazama nyasi zile zisizo na mwisho, nami nikamwelewa kabisa. Majira ya baridi ya kwanza waliokolewa na Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliowagawia chakula wakitoka kuwinda. Mwaka 1888 reli ikapita ng'ambo ya mto Solomon, na wafanyabiashara wakauacha mji wakaifuata.

Sherehe yenyewe ilianza kama kumbukumbu ya tarehe 1 Agosti 1834, siku ya ukombozi wa watumwa katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza. Kwangu mimi niliyekulia Bagamoyo, kumbukumbu hiyo si ya watu wa mbali. Gwaride lilinifurahisha, lakini kilichonigusa zaidi ni bibi mmoja aliyemshika mjukuu wake mkono, akauweka juu ya ukuta wa kanisa la zamani, kisha akamtajia majina ya wazee wao mmoja baada ya mwingine, naye mtoto akayarudia.

Upungufu upo. Kivuli ni kidogo na jua ni kali, kwa hiyo beba maji na ujaze mafuta kabla ya kufika. Chumba nilichokilipia katika mji wa jirani nilikuta kimepewa mgeni mwingine, nikalala garini. Thibitisha nafasi yako mapema. Hata hivyo naipa ziara hii nyota tano, na mwaka ujao nitakwenda na wanangu.