Vyeti vya kutunza hesabu za biashara kwa kompyuta, kwa kujisomea: kabla hujalipa, uliza programu itafungwa lini

Nililipa laki tatu na nusu kwenye ofisi moja ya ghorofani hapa Arusha mjini. Nikapewa flashi yenye programu ya hesabu, kitabu cha kudurufu na ahadi ya cheti. Siku ya 31 kompyuta ikaniambia muda wa majaribio umekwisha. Nilikuwa nimeshaingiza hesabu za miezi miwili za duka la mama mkwe, nimebakiza kulinganisha na taarifa ya benki tu. Vyote vikafungiwa humo ndani. Niliporudi, kijana wa pale akanitajia laki nyingine ili "anifungulie".

Ndiyo maana siku hizi nikiulizwa cheti gani kizuri, siulizi kozi ina masomo mangapi. Nauliza hivi: programu ya mazoezi itafunguka hadi lini? Anayejisomea usiku, watoto wakishalala na umeme ukiwepo, katika siku 30 hapati hata jioni kumi na tano. Na hesabu huzijui mpaka umefunga mwezi, ukafungua unaofuata, ukaona kosa la Januari likikufuata Februari.

Namba moja kwangu ni QuickBooks, programu ya hesabu ya mtandaoni, na sifichi mapenzi yangu. Akaunti ya wahasibu, QuickBooks Online Accountant, ni bure. Masomo ni bure, mtihani wa ProAdvisor, yaani cheti chao, ni bure. Ndani ya akaunti hiyo unapewa vitabu vya hesabu vya ofisi yako mwenyewe, na havifungwi mwezi ukiisha. Mimi nilijitungia kampuni ya safari: dola kutoka kwa mawakala wa nje, dizeli na mishahara kwa shilingi. Hapo ndipo nilipoielewa tofauti ya kubadilisha fedha, jambo ambalo ofisi za utalii za hapa wanalihitaji kila siku. Angalizo: ukishawasha sarafu nyingi huwezi kuzima tena, kwa hiyo jaribu huko kwanza, si kwenye vitabu vya bosi. Masomo yamejaa kodi za Marekani. VAT yetu ya 18% na ritani ya tarehe 20 utajifunza pembeni. Cheti huhuishwa kila mwaka. Nahuisha kwa moyo mmoja.

Ya pili ni Tally, programu nyingine ya hesabu. Hali yake ya elimu, yaani ya kujifunzia bila leseni, haina mwisho na haikudai bando kila ukikaa kufanya mazoezi. Ila inakuruhusu kuingiza vocha, yaani miamala, za tarehe chache tu za mwezi, kama 1 na 2. Wengi wanalipuuza hili, mimi lilinitesa: mauzo ya tarehe 14 unayaandika tarehe 2, taarifa ya benki inasema 14, na zoezi la kulinganisha linakosa maana. Hata hivyo kama unatafuta kazi kwenye maduka ya jumla au ya vifaa vya ujenzi, jifunze. Nimeikuta kwenye mengi niliyopita.

Xero, nayo programu ya mtandaoni, naiweka ya tatu. Masomo ni mazuri na cheti ni bure, lakini kampuni yake ya majaribio hujifuta kila baada ya siku 28. Kwangu mimi hilo limeshaimaliza.

ATEC, cheti cha ngazi ya chini cha NBAA (bodi ya wahasibu ya Tanzania), ina uzito wake. Mwajiri akitaka karatasi ya Tanzania ni hiyo, mitihani Mei na Novemba. Isome sambamba na namba moja, kwa sababu haikufundishi programu. AAT, cheti cha utunzaji hesabu cha Uingereza, inalipwa kwa pauni na inakuzoesha VAT ya 20%. FA1, mtihani wa mwanzo wa ACCA (chama cha wahasibu cha Uingereza), unaifanya kwenye kompyuta, maswali 50 kwa saa mbili, lakini kujibu maswali kwenye kompyuta si kutunza vitabu kwenye kompyuta.

Programu za GnuCash na Manager ni za bure, hazifungwi, hazina cheti.

Kinachoniuma zaidi ni kuuziwa cha bure. Dada mmoja wa Moshi alinionyesha cheti alicholipia 280,000: karatasi ya rangi yenye mhuri wa duka, jina lake halimo popote kwenye orodha ya ProAdvisor. Masomo aliyopewa ni yaleyale ya bure, yamerekodiwa kwa simu kutoka kwenye skrini. Na mimi nilipomdai risiti ya kodi ya EFD yule aliyeniuzia flashi, alisema mashine ni mbovu. Mtu anayefundisha hesabu! Nimerudi mara tatu, hela yangu sijarudishiwa hadi leo.