Safari ya kayaki ya jioni: nilichovaa, nilichobeba na nilichokiacha nyumbani

Nianze na alama: nne kati ya tano. Waongozaji wenyewe ningewapa tano bila kusita. Nyota iliyopungua ni ya ujumbe waliotutumia kabla ya safari. Ulisema tuvae nguo za kawaida tusizoziogopea kulowa, na tuje na maji ya kunywa. Basi. Kwa safari ya mchana maelezo hayo yangetosha. Kwa safari inayoanza jua bado linachoma na kuisha gizani, hayafui dafu.

Safari ya namna hii unaivalia saa ya mwisho, si ya kwanza. Wakati tunasubiri kushuka majini watu walikuwa wanajipepea, na mimi nikiwa na fulana ya mikono mirefu nilionekana nimepotea njia. Jua lilipozama, upepo ule ule tuliokuwa tunaufurahia ukaanza kuuma, na kufikia hapo kila mtu alikuwa ameshalowa. Wengi hudhani kwenye kayaki hulowi mpaka upinduke. Thubutu! Kayaki tulizopewa ni zile za kukalia juu, zenye vitundu sakafuni vya kutolea maji. Vitundu hivyo hivyo hupandisha maji chombo kikielemewa, hasa mkiwa wawili, kwa hiyo makalio yanalowa mapema na hayakauki. Kuna na maji ya kasia: ukiinua upande mmoja, yanateremka na mpini, yanafika mkononi, yanaingia kwenye mkono wa nguo hadi kwenye kiwiko. Kasia nyingi zina vipete vya mpira vya kuyakatiza. Vya kwangu vilikuwa vimesogea katikati ya mpini. Nilivirudisha karibu na bapa na matone yakapungua sana.

Ndiyo maana nguo za pamba ziachwe nyumbani. Pamba hunywa maji na kuyashikilia, na maji hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo shati bichi linakunyonya joto muda wote ulioketi. Dada mmoja kwenye kundi letu alikuja na jinzi. Mwongozaji alimwambia kwa upole, "Dada, hiyo ikilowa itakulemea, na leo haitakauka." Akasema atavumilia. Nusu ya pili ya safari alikuwa amejikunyata, kasia kailaza mapajani, anayepiga ni mwenzake wa nyuma peke yake. Mimi nilivaa taiti ya poliesta, fulana nyepesi ya kitambaa hicho hicho, na juu nikawa na jaketi jembamba la nailoni la kukinga upepo. Jaketi hilo nililifunga nyuma ya kiti hadi jua lilipozama. Anayesikia baridi haraka aongeze fulana nyepesi ya sufu, kwa sababu sufu hata ikilowa bado inatunza joto.

Hayo yote ni kwa maji ya uvuguvugu. Kama maji ni ya baridi, usidanganywe na jioni yenye joto: vaa kwa kuyafikiria maji, si hewa. Mtu akitumbukia kwenye maji baridi, katika dakika ya kwanza mwili hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu bila hiari yake, na hapo ndipo anapoyameza. Safari za maji baridi zinahitaji suti ya neoprini (mpira mwepesi unaotunza joto la mwili), na kampuni nyingi zinazo za kuazimisha. Uliza kabla hujalipa.

Miguuni, viatu vya maji au sandali zenye mkanda wa kisiginoni. Kandambili hapana. Sehemu ya kupandia ilikuwa na mawe yenye utelezi na matope mazito, na kandambili ya mtu ilibaki huko huko kabla safari haijaanza.

Jaketi okozi walitoa wao, na hapa nawasifu kwa dhati. Mwongozaji alimpitia kila mmoja wetu, akamwambia anyanyue mikono, kisha akayavuta mabega ya jaketi kwenda juu. Likipanda hadi kidevuni, anarudi kukaza mikanda ya ubavuni, au anakubadilishia saizi. Langu alilikaza hadi nikahisi limenibana, lakini nilipoketi nikaona sababu: legevu lingepanda na kunisumbua shingoni njia nzima. Zipu ifungwe wakati wote, hata ukisikia joto. Jambo moja ambalo hawakulieleza: majaketi mengi ya kayaki ni ya nguvu ya nyutoni 50, yaani kipimo cha nguvu ya kukuelesha. Yanamsaidia kuelea mtu aliye na fahamu na anayejimudu majini, lakini hayakuundwa kumgeuza aliyezimia uso ukaangalia juu. Kama hujui kuogelea, waambie mapema. Usione haya, maana ndiyo wajue wakuweke karibu na nani.

Kuhusu taa nitasema kidogo zaidi, kwa sababu ndiyo iliyotuharibia robo saa nzuri kuliko zote. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa. Tulikuwa tumeshazoea, tunaiona mistari ya mawimbi na vivuli vya miti ukingoni, mara mtu akawasha taa ya kichwani yenye mwanga mweupe na kugeuka kutuangalia. Ikabidi tuanze upya. Ukija na taa ya kichwani, iwe na mwanga mwekundu, na ujue kitufe chake kabla giza halijaingia. Hata hivyo mwanga mweupe haukwepeki kabisa: kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za 1972 zinataka chombo kinachopigwa kasia kisicho na taa nyingine kiwe na tochi ya mwanga mweupe tayari mkononi, ya kuonyeshwa mapema kabla chombo kingine hakijakaribia. Waongozaji wetu walikuwa nazo, mmoja mbele na mmoja nyuma, na sisi tulifungiwa vijiti vya mwanga mgongoni. Filimbi ilikuwa imeshikizwa kwenye kila jaketi. Niliijaribu yangu tukiwa bado nchi kavu, wengine wakacheka.

Mizigo ni midogo. Maji ya kunywa lita moja, chupa ikiwa imefungwa kamba. Kamba ya miwani kwa anayevaa. Dawa ya mbu ya kupaka, lakini soma kilichomo: yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, huyeyusha plastiki na kuharibu baadhi ya vitambaa, hivyo ipake mapema, ikauke, unawe viganja kabla ya kushika miwani, simu au jaketi la watu. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, si kwenye begi lililo kwenye kayaki ya mwongozaji.

Begi lisilopenya maji walitoa moja kwa kila kayaki, dogo mno kwa watu wawili. Nilifurahi kuwa na langu. Mdomo wake unakunjwa mara tatu au zaidi kabla ya kufunga klipu. Ukikunja mara moja tu, maji yanaingia. Lifunge kwenye chombo, lisibaki linaelea miguuni. Simu niliitia kwenye kifuko chake nikakiacha na hewa kidogo ndani kielee. Alama ya IPX7 kwenye simu maana yake imepimwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Haisemi chochote kuhusu kuokotwa gizani ikishazama. Picha, kwa kweli, usizitegemee. Kioo chenye matone hakisikii kidole, na giza likiingia simu inachukua ukungu mtupu. Nilipiga chache wakati wa machweo, nikaifungia.

Pete, saa ya bei na pochi vilibaki nyumbani. Ufunguo wa gari wenye betri ndani ulikaa kwenye kifuko chake, ndani ya begi. Shuka kavu, taulo kubwa na mfuko wa plastiki wa nguo mbichi viliningoja garini.

Na hapo ndipo penye lalamiko langu la mwisho. Tulirudi gizani tukakuta chumba cha kubadilishia nguo kimefungwa, na aliyekuwa na ufunguo ameshaondoka. Tulibadilisha nyuma ya magari kwa kupokezana taulo langu, huku waongozaji wakituomba radhi na kugawa chai ya moto kutoka kwenye chupa zao wenyewe. Ukienda nao, ulizia ufunguo huo kabla hamjashuka majini.